Mabaka ya Usoni na Madaktari Wasioweza Kusubiri

Mwezi Aprili 1901 mwanafizikia Henri Becquerel alitembea na kichupa cha rediamu katika mfuko wa kizibao chake. Baada ya siku kadhaa ngozi iliyokuwa chini ya mfuko ule ikawa nyekundu, ikachubuka, ikageuka kidonda. Mwenzake wa Paris, Pierre Curie, hakutosheka na habari za kusimuliwa. Alijifunga rediamu mkononi kwa saa 10, kisha akaanza kuandika kila kilichotokea. Siku ya 52 kidonda kilikuwa bado hakijafunga.

Wengine wangeliona hilo kuwa onyo. Madaktari wa ngozi wa hospitali ya Saint-Louis, jijini humo humo, waliona dawa. Hapa palikuwa na kitu kinachounguza nyama bila moto wala kisu, kisichomliza mtoto wakati kinapowekwa. Mwaka huo huo Henri Danlos alikijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha ngozi. Miaka 5 baadaye maabara ya tiba ya rediamu ilifunguliwa Paris, na wawili kati ya madaktari wake, Louis Wickham na Paul Degrais, wakaukazia macho ugonjwa ambao hadi wakati huo ulikuwa umewashinda wote: mabaka mekundu ambayo watoto huzaliwa nayo usoni.

Kazi yao ilikuwa ya kifundi. Chumvi ya rediamu ilichanganywa na vanishi, ikapakwa juu ya vibati na vitambaa, na kifaa kikalazwa juu ya baka kwa muda uliopimwa. Baada ya wiki kadhaa ngozi iliungua, ikaambuka, ikapona ikiwa imepauka. Kitabu chao cha 1909 kilijaa picha za kabla na baada, na picha hizo zilisafiri kuliko maelezo yake. Wazazi waliozitazama hawakuwa na namna ya kujua kwamba sehemu kubwa ya nyuso zile zingepona zenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii nzima. Kwa muda mrefu madaktari waliyatibu kwa pamoja magonjwa mawili yasiyohusiana, kwa sababu tu yote mawili ni mekundu.

La kwanza ni hemanjioma. Mara nyingi mtoto huzaliwa akiwa safi, au na alama hafifu ambayo mkunga haioni. Katika wiki za mwanzo hutokea kijidoa, kikavimba, kikawaka rangi, na ndani ya miezi michache kikaweza kuziba jicho au kuivimbisha ncha ya pua. Hupata watoto wapatao 4 au 5 katika kila 100, wasichana zaidi ya wavulana, na hasa waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Kinachowachanganya watu ni kwamba uvimbe huo, baada ya kuwatisha wazazi kwa mwaka wa kwanza, huanza kurudi nyuma bila kuguswa. Rangi hufifia kuanzia katikati, nyama hulainika, na baada ya miaka michache mara nyingi hubaki alama ndogo, au ngozi iliyolegea, au hakuna kitu.

La pili ni baka la mvinyo. Hili huonekana siku ile ile ya kuzaliwa, bapa kabisa, na hupata watoto wapatao 3 katika kila 1,000. Kwa mtoto mweupe ni la waridi au jekundu. Kwa mtoto mweusi huwa la zambarau iliyokolea, na wapo wanaolidhania kuwa alama ya kuvia damu. Halirudi nyuma kamwe. Hukua sambamba na mwenyewe, na kadiri umri unavyosogea huzidi kuwa jeusi na nene. Vishipa vyake havizaliani ovyo kama vya hemanjioma. Vimeumbwa vipana kupita kiasi, na hubaki hivyo maisha yote.

Kwa karne nyingi Ulaya haikuhangaika kutofautisha, kwa kuwa ilikwisha kumpata mwenye kosa. Alikuwa ni mama. Alitamani matunda au mvinyo akiwa mjamzito akanyimwa, au alishtuka kwa kuona moto au damu, na tamaa au hofu ile ikapiga chapa kwenye uso wa mtoto. Ambroise Paré, mpasuaji aliyewahudumia wafalme wa Ufaransa, aliziweka fikra za mama katika orodha ya visababishi vya maumbile yasiyo ya kawaida katika kitabu chake cha 1573, na alikuwa mmoja wa watu makini kuliko wote wa zama zake. Hata leo, na hata huku kwetu, mama mwenye mtoto wa namna hiyo hakosi wa kumuuliza alikula nini au alimcheka nani. Jibu la kisayansi lilichelewa mno kufika. Mwaka 2013 watafiti wa Baltimore, Marekani, walitangaza kwamba chanzo cha baka la mvinyo ni badiliko dogo katika jeni iitwayo GNAQ, linalotokea ndani ya seli za kijusi baada ya mimba kutungwa. Halirithiwi kwa baba wala kwa mama, na hakuna chakula kinacholileta.

Karne ya 19 iliyajaribu mabaka kwa kila kilichokuwa katika sanduku la daktari. Uvimbe ulifungwa uzi hadi ukafa na kudondoka. Ulichomwa kwa chuma cha moto na kwa tindikali ya nitriki. Wako waliomchanja mtoto chanjo ya ndui katikati ya uvimbe wenyewe, kwa hesabu kwamba kidonda cha chanjo kikipona kitavuta na vishipa, hivyo mtoto atakingwa na ndui na kuponywa baka kwa mchomo mmoja. Hesabu hiyo, ukiacha ukatili wake, ilikuwa na akili. Mbaya zaidi ilikuwa sindano ya kloridi ya chuma, iliyokusudiwa kugandisha damu ndani ya uvimbe. Damu iliyoganda haikukaa ilipotakiwa kila mara. Ilisafiri hadi moyoni na mapafuni, na wako watoto waliokata roho pale pale mezani.

Jijini London, Balmanno Squire alichapa kijitabu mwaka 1876 akidai kulifuta baka la mvinyo bila kuacha kovu. Alichanja chale nyembamba, nyingi, sambamba, kwa nia ya kukata vishipa vya juu bila kuiondoa ngozi. Dai lake halikudumu. Lakini nadhani ndiye wa kwanza aliyeuliza swali sahihi: namna ya kuua kishipa na kuiacha hai ngozi iliyokizunguka. Swali hilo lilingoja zaidi ya miaka 100 kupata jibu.

Miaka 3 baada ya kijitabu hicho, katika jiji lile lile, William Allen Sturge aliwaletea madaktari wenzake msichana wa miaka 6 na nusu mwenye baka upande mmoja wa uso na degedege upande wa pili wa mwili. Sturge alihisi kwamba ubongo wa mtoto ulikuwa na baka kama lile la usoni. Wengi hawakusadiki, hadi picha za eksirei zilizosomwa na Frederick Parkes Weber katika miaka ya 1920 zilipoonyesha alama za ugonjwa ndani ya fuvu. Ndiyo maana hadi leo daktari akiona baka la mvinyo kwenye paji la uso na kope humtuma mtoto akapimwe presha ya jicho na kuulizwa habari za kifafa kabla hajaitazama rangi.

Rediamu iliingia katika historia hii kama mkombozi, na kwa kuilinganisha na kloridi ya chuma, kweli ilikuwa nafuu. Mwaka 1907 William Pusey wa Chicago alileta mbadala wake, theluji ya kaboni dayoksaidi, yaani baridi kali inayoua ngozi pahala pa joto. Uingereza ilipaka toriamu eksi, dutu nyingine yenye mionzi, juu ya mabaka ya mvinyo hadi katikati ya karne ya 20. Lakini hakuna walioishika rediamu kwa utaratibu na nidhamu kama Wasweden. Jijini Stockholm, katika taasisi ya Radiumhemmet, watoto zaidi ya 14,000 walitibiwa hemanjioma kwa mionzi kati ya 1920 na 1959, wote wakiwa hawajatimiza miezi 18. Gothenburg iliongeza karibu 12,000 wengine hadi mwaka 1965. Kila mmoja aliandikiwa kadi: mahali pa uvimbe, kifaa kilichotumika, dakika zilizokaa.

Kadi hizo ndizo zilizokuja kutoa ushahidi. Watafiti wa Sweden wenyewe waliwafuatilia watoto wale hadi uzeeni na kukuta saratani ya tezi ya shingo na saratani ya matiti zimewapata kupita kiwango cha kawaida. Mwaka 2004 utafiti mwingine uliwachukua wanaume zaidi ya 3,000 waliowahi kutibiwa hivyo utotoni na kutazama elimu yao. Miongoni mwa ambao ubongo haukupigwa na mionzi, kama asilimia 32 walifika shule ya juu ya sekondari. Miongoni mwa waliopata dozi kubwa zaidi, asilimia 17. Na uvimbe uliowapeleka hospitali, kwa walio wengi, ulikuwa ungeondoka wenyewe kabla hawajajua kusoma.

Hilo lilikuwa limekwisha kusemwa. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, W. A. Lister, alichapisha katika jarida la Lancet kazi ambayo naiona kuwa ya ujasiri kuliko upasuaji wowote katika mlolongo huu. Aliwachukua watoto 77 wenye hemanjioma 93, na hakufanya kitu. Aliwaita kliniki, akapima, akaandika, akawarudisha nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Uvimbe ulikua, ukasimama, ukasinyaa. Fikiria kikao cha daktari huyo na mama aliyesafiri na mtoto mwenye uvimbe mwekundu usoni: mama anataka dawa, jirani amemwambia kuna mashine mjini, na daktari anamwambia arudi nyumbani asubiri. Lister alichapisha mwaka 1938. Kadi za Gothenburg ziliendelea kujazwa miaka 27 zaidi. Kusubiri hakuna mashine, hakuna picha ya kumpamba daktari, wala hakuna risiti.

Wenye baka la mvinyo hawakuwa na cha kusubiri. Kwao zilibaki njia mbili: kulificha au kulikata.

Aliyefanikiwa kulificha ni Lydia O'Leary, Mmarekani aliyezaliwa na baka usoni. Husimuliwa kwamba alinyimwa kazi ya kuuza dukani kwa sababu ya uso wake, akapewa kazi ya ndani ya kuchora kadi, na huko akagundua kwamba rangi nzito hufunika kosa lililo chini yake. Kutokana na wazo hilo alitengeneza krimu isiyopenyezwa na rangi ya ngozi, akaiita Covermark, na mwaka 1932 akapata hataza yake Marekani. Bidhaa hiyo imeishi kuliko mashine nyingi zilizodai kuipiku. Katika miaka ya 1940 Herbert Conway wa New York aliichukua fikra hiyo hatua moja zaidi kwa kuichanja rangi ndani ya ngozi yenyewe, tatuu ya kufanana na mwili. Tatizo ni kwamba uso hubadilika rangi kwa jua, baridi na haya, ilhali tatuu haibadiliki.

Kukata kulikuwa na heshima zaidi. Vita Kuu mbili ziliwafundisha wapasuaji wa Uingereza kutengeneza upya nyuso za askari. Harold Gillies alianzia na waliopigwa risasi, na binamu yake Archibald McIndoe akaendelea na marubani walioungua. Ufundi huo ulifika hadi Afrika Mashariki kwa mkono wa mwanafunzi wa McIndoe, Michael Wood, na mwaka 1957 wawili hao pamoja na Tom Rees wa New York wakaanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ambayo leo inajulikana kama Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile.

Baka la mvinyo, hata hivyo, liliwatesa. Kulikata lote kulimaanisha kuchuna shavu zima, na kulifunika kulimaanisha kuleta ngozi ya mahali pengine. Ngozi ya paja ikipandikizwa shavuni hubaki na rangi ya paja, kavu na yenye kingo kama kiraka. Ya nyuma ya sikio au ya juu ya mtulinga huoana vizuri zaidi na uso, ila huko hakuna ngozi nyingi ya kukopa. Katika miaka ya 1950 Mario González-Ulloa wa Mexico alifundisha kwamba uso umegawanyika katika maeneo yenye mipaka yake ya asili: paji, kope, pua, shavu, mdomo, kidevu. Ukipandikiza ngozi, jaza eneo lote ufiche mshono kwenye mpaka, hata ikibidi kukata sehemu ndogo ya ngozi isiyo na baka. Ushauri huo uliokoa nyuso nyingi, lakini mgonjwa alikuwa bado anabadilishana doa kwa kovu. Wapo waliotazama kioo baada ya bandeji kufunguliwa wakajuta.

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, mikononi mwa Theodore Maiman. Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, hakuchelewa. Katika miaka michache alikuwa amekwisha kuilenga kwenye tatuu, mabaka na vidonda vya kila namna. Miaka ya 1970 ilipofika, leza ya gesi ya agoni, yenye mwanga wa buluu na kijani, ilikuwa inauzwa kwa madaktari kama tiba ya baka la mvinyo. Kwa mtu mzima mwenye baka nene ilisaidia. Kwa mtoto iliacha makovu, kwa sababu mwanga wake ulikaa muda mrefu na joto likavuja kutoka kwenye kishipa kwenda kwenye ngozi. Lile swali la Squire lilikuwa limerudi likiwa na umeme.

Jibu lilitoka Boston. Rox Anderson na John Parrish, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, walieleza kati ya 1981 na 1983 kwamba mwanga unaweza kuchagua cha kuua bila mkono wa daktari kuwa na shabaha yoyote. Damu hufyonza kwa nguvu mwanga wa manjano wa nanomita 577. Kishipa chembamba kikipashwa joto hupoa upesi sana. Basi toa mwanga wa rangi hiyo na uuzime kabla joto halijapata wasaa wa kutoka nje ya kishipa, yaani ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kishipa kitaiva, ngozi jirani haitajua. Ninapenda kwamba ugunduzi huu uliandikwa kwanza kama hesabu, na mashine ikajengwa baadaye kuifuata hesabu.

Mashine ilikuwa tayari katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1989 Oon Tian Tan na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya watoto 35, mdogo kabisa akiwa na miezi 3. Kwa wastani walihitaji vikao 6 na nusu, na kwa karibu wote ngozi haikuharibika.

Kikao chenyewe ni kifupi. Macho ya mtoto hufunikwa vikinga vya chuma. Mchanga huweza kushikwa tu akiwa amefungwa shuka, mkubwa kidogo hulazwa nusukaputi. Daktari hushika kalamu nene ya mashine wima juu ya ngozi. Mvuke wa baridi hutangulia, halafu mlio mkavu, halafu duara lisilozidi upana wa kitufe cha shati linageuka la zambarau pale pale. Anasogeza, anapiga tena, duara likigusa duara, mpaka baka zima lipitiwe. Mtoto hutoka akiwa na uso wa kutisha kuliko alioingia nao. Zambarau hiyo hukaa wiki moja hadi mbili, kisha hufifia, na baada ya wiki kadhaa wanarudi kwa kikao kingine.

Mwanga huo, hata hivyo, una mshindani ambaye wajenzi wa mashine hawakumfikiria sana. Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga wa manjano, na yenyewe imekaa juu ya vishipa. Kwa mgonjwa mweusi sehemu ya nguvu inaishia njiani, ikiacha malengelenge au mabaka meupe juu ya baka lililokusudiwa. Daktari hulazimika kupunguza nguvu, kuongeza baridi na kuongeza vikao, au kutumia mwanga wa mawimbi marefu unaopita chini ya melanini lakini ambao kosa lake dogo huunguza kwa kina. Majedwali ya mwanzo ya tiba hii yalijengwa juu ya ngozi nyeupe, na mgonjwa wa Mombasa au Kigoma akifanikiwa kuipata mashine ni vema aulize aliyeishika amewahi kutibu ngozi kama yake.

Wakati Anderson akipiga hesabu, katika mtaa mwingine wa Boston mpasuaji alikuwa anapanga majina. Mwaka 1982 John Mulliken wa Hospitali ya Watoto ya Boston, pamoja na Julie Glowacki, alizichunguza chembe za mabaka ya kila aina na kuyagawa mafungu mawili: yale ambayo seli zake zinazaliana, na yale ambayo vishipa vimeumbwa vibaya. Hakuna mashine iliyonunuliwa wala dawa iliyotengenezwa, na bado sidhani kama kuna siku iliyookoa nyuso nyingi kuliko hiyo. Kwa mara ya kwanza daktari angeweza kumwambia mzazi kwa uhakika: hili litaondoka, hili halitaondoka.

Kwa hemanjioma zinazoziba jicho au koo, ambazo haziwezi kusubiriwa, tiba ilikuwa prednisoloni, tangu Harvey Zarem na Milton Edgerton walipoonyesha mwaka 1967 kwamba steroidi huzisinyaza. Zilisinyaa, na mtoto akavimba uso, akapandwa na presha, ukuaji wake ukasimama kwa muda.

Mtoto mmoja wa Bordeaux alikuwa kwenye dawa hizo kwa ajili ya hemanjioma ya pua alipopata ugonjwa wa moyo kunenepa misuli. Madaktari wakampa propranololi kwa ajili ya moyo. Kesho yake rangi ya uvimbe ilikuwa imebadilika kutoka wekundu mkali kuwa zambarau, na ulipobonyezwa ulikuwa laini. Christine Léauté-Labrèze angeweza kusema ni bahati. Akaangalia mtoto wa pili, aliyepewa dawa ile kwa sababu nyingine ya moyo, akaona jambo lile lile. Barua fupi aliyoichapisha na wenzake mwezi Juni 2008 ilihusu watoto 11 tu, na ndani ya miaka michache ikawa imebadilisha tiba duniani kote. Jaribio kubwa la 2015, lenye watoto 460, lilikuta hemanjioma imekwisha au karibu kwisha kwa asilimia 60 ya waliopewa dawa kwa miezi 6, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa kinywaji kisicho na dawa.

Propranololi ilitengenezwa na James Black nchini Uingereza katika miaka ya 1960. Ni dawa ya moyo na presha iliyozoeleka, ya bei ndogo, iliyokuwa imekaa rafuni kwa zaidi ya miaka 40 mbele ya macho ya kila daktari wa watoto, pamoja na wa Dar es Salaam na Nairobi. Kwa mara hii nchi zisizo na leza hazikuachwa nyuma. Ila urahisi huo una hatari yake: kwa mtoto mchanga dawa hii hushusha sukari ya damu asiponyonya vizuri, hupunguza mapigo ya moyo, na hubana kifua cha mwenye pumu. Si ya kuvunjavunjiwa kidonge cha bibi nyumbani.

Mtu angedhani baada ya hapo kisu kingestaafu. Kimebaki na kazi yake, na sasa kinaijua. Kope iliyovimba ikiziba mboni, jicho la mtoto husahau kuona, na dawa isipofanya kazi haraka uvimbe hukatwa. Kazi iliyo ya kawaida zaidi huja baadaye, hemanjioma ikishalala. Huacha mfuko wa mafuta na ngozi iliyolegea, au pua ambayo gegedu zake za ncha zimetawanywa na uvimbe na hazijui kurudi pamoja. Wengi hupasuliwa wakiwa na miaka 3 hadi 5, kabla ya shule, umri ambao mtoto anaanza kujitambua kiooni na wenzake wanaanza kumpa jina.

Kwa desturi, doa la duara hukatwa kwa umbo la jani refu ili mshono ulale bapa, na kovu linatoka na urefu unaokaribia mara 3 ya upana wa doa. Kwenye shavu la mtoto huo ni mstari mrefu. Mwaka 2002 Mulliken, yule yule aliyepanga majina, aliandika juu ya njia nyingine: kata duara kama duara, pitisha uzi mmoja kuzunguka ukingo wote, kisha ukaze kama mdomo wa kifuko cha kamba. Shimo hujifunga katikati, na kuzunguka kwake ngozi hubaki na mikunjo midogo ambayo mzazi huitazama kwa wasiwasi. Baada ya miezi mikunjo hutawanyika. Kinachobaki ni kovu dogo kuliko doa lilivyokuwa, na likihitajika hukatwa tena, safari hii kwa mstari mfupi. Kwenye pua mpasuaji hufungua ngozi, hutoa mafuta, huzirudisha gegedu mbili karibu na kuzishona. Haondoi kila chembe ya uvimbe, kwa kuwa ngozi ikibaki nyembamba mno hufa.

Upande wa baka la mvinyo habari si nzuri kiasi hicho. Leza hulififisha kwa wengi na kulifuta kabisa kwa wachache. Mwaka 2007 madaktari wa Amsterdam waliwaita tena wagonjwa waliotibiwa miaka 10 kabla, wakapima rangi kwa vyombo, na kukuta mabaka yamekoza tena, ingawa hayakufikia yalikoanzia. Wasiotibiwa kabisa wana safari nyingine: kwa kama theluthi mbili yao, kufikia muongo wa tano wa umri, baka limeshakuwa nene au limeota vinundu vinavyotoka damu kwa kuguswa tu na wembe. Mdomo wa juu huvimba hadi mtu ashindwe kufumba kinywa vizuri, na taya upande huo huweza kukua kupita mwenzake hadi meno yapishane.

Hao ndio wagonjwa wa kisu leo. Mpasuaji hukata kipande cha mdomo kwa ndani, upande wa mate, ili kovu lisionekane, na kuuviringa mdomo ufanane na upande mzima. Vinundu hukatwa kimoja kimoja. Shavu lililoharibika sana, au lililochomwa na rediamu na agoni za zamani, huondolewa eneo zima kwa sheria ya González-Ulloa. Ngozi ya kulifunika hupatikana kwa kuzika puto chini ya ngozi nzuri ya shingo na kulijaza maji kidogo kidogo kwa wiki nyingi hadi ngozi ya juu ikue. Wiki hizo mtu hutembea na shingo iliyovimba, na si kila mmoja huona inafaa. Wako wanaoamua kubaki na uso waliouzoea. Mikhail Gorbachev aliposhika madaraka Moscow mwaka 1985, picha rasmi zilimfutia baka lake la paji. Baada ya muda zikaacha kulifuta, na dunia nzima ikamjua nalo.

Wanaotaka kutibiwa hukutana na mlango mwingine, wa bima. Kampuni nyingi za Marekani zilikataa kulipa kwa hoja kwamba leza na kisu kwenye baka la mvinyo ni urembo, mtu kutaka kupendeza. Jimbo la Minnesota lilijibu kwa kutunga sheria: bima inalazimika kugharimia kuliondoa baka la mvinyo, au kulitibu kwa kadiri inavyowezekana, kwa kila mwenye bima. Kwingineko mvutano huo bado unaamuliwa fomu kwa fomu, daktari akiambatisha picha ya mdomo usiofumba na karani akiuliza kama mgonjwa anaweza kula.